Upande Usio na Usukani

Asubuhi walimsindikiza kwa nyimbo. Mchana akarudi kwa miguu.

Wenzao wa maombi walikuwa hawajatawanyika vizuri. Wanawake wawili walikuwa bado uani wakisugua sufuria za chai iliyonywewa wakati wa kumwombea safari njema. Mmoja wao ndiye aliyemwona kwanza akikunja kona ya mtaa, begi begani, koti la sherehe mkononi, viatu vyeupe kwa vumbi. Akaacha kusugua.

"Mama Kitinda," aliita kwa sauti ya chini, "hebu njoo umtazame mumeo."

Mumewe alikuwa dereva wa malori, na mtaa mzima ulimwita Breki. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna lori aliloliwasha bila kwanza kuingia chini yake, akalala chali na kugongagonga breki kwa nyundo ndogo, hata kama mvua inanyesha. Alikuwa mtu wa kifua. Akifoka karakanani, mafundi walizima redio. Na ndiye huyo aliyekuwa sasa anakuja akiambaa na kuta kama mwizi wa kuku.

"Safari imeahirishwa?" mkewe alimuuliza mlangoni.

"Haijaahirishwa."

"Wamekukatalia kupanda?"

"Hawakunikatalia."

Mkewe alimtazama, kisha akawageukia wale wanawake. "Dada zangu, Mungu awabariki. Hizo zilizobaki nitamalizia mwenyewe."

Walifuta mikono kwa khanga zao na kuondoka bila kuaga kwa maneno mengi. Lakini walipofika njiani mmoja alijisahau akaanza kucheka, mwenzake akamfinya.

Ndani, Breki aliketi akavua kiatu kimoja, akakishika bila kukiweka chini.

"Mama Kitinda, gari lile ni bovu."

"Gari gani?"

"Ndege. Nimeiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Tuko kwenye foleni, nachungulia kwenye kioo, namwona fundi amepanda ngazi, amefungua boneti ya injini, anamulika ndani kwa tochi. Abiria tumesimama na mizigo mkononi, yeye ndiyo kwanza anamulika. Wewe hujui mambo hayo. Gari likifunguliwa boneti dakika ya kuondoka, hilo halifiki."

"Ukamwambia nani?"

"Nilimwambia yule binti anayekagua tiketi. Nikamwambia, binti yangu, naomba nimwone dereva, nimtazame macho tu, nijue kama amelala. Akacheka. Na wa nyuma yangu wakacheka. Jamaa mmoja akasema mzee anataka kukaa mbele." Alikigeuza kiatu mkononi. "Na suruali nilikuwa nimeishika kwa mkono. Mkanda waliniambia niuvue kwenye ile mashine yao, nikasahau kuuvaa."

Mkewe aliuma mdomo. Kicheko kilimfika kooni akakimeza, maana alijua kinachofuata kicheko hicho ni kilio.

Binti yao wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda, alikuwa amelazwa katika hospitali kubwa ya mbali, ng'ambo ya milima na mipaka, shangazi yake akimuuguza. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeacha kazi, na alikuwa akiishi kwa mashine ya kusafisha damu. Alihitaji figo ya ndugu. Mama alijitolea, presha ikamkatalia. Kaka zake walipimwa, damu zikakataa. Iliyokubali ni ya baba. Siku ya upasuaji ilikuwa imepangwa mwisho wa wiki ile, na daktari alisema wazi kwamba siku hiyo ikipita, wengine waliokuwa wakingoja ndio watakaopewa nafasi, na mwili wa binti hauwezi kungoja zamu nyingine irudi.

"Nitakwenda kwa barabara," Breki alisema. "Nitapata lori la kunibeba."

"Kwa barabara utafika lini?"

Barabara ile Breki aliijua kuliko kiganja chake. Alijua vivuko vyake, foleni za mipakani, na madaraja yanayomezwa na maji. Hata dereva mwendawazimu angefika upasuaji umekwisha kupita.

*

Jioni simu iliita kabla hawajaamua nani ampigie binti. Ilikuwa ni yeye. Mama alimpa baba simu bila neno, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyejikojolea.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Salama. Leo mashine imenichosha kidogo. Shangazi amekwenda kukupokea uwanjani, anasema abiria wamekwisha kutoka wote na wewe hakuoni. Umetokea mlango gani?"

Breki alimtazama mkewe. Mkewe aliangalia sakafu. Uongo ulimjia Breki tayari umevaa nguo za kutokea, kwamba ndege iliharibika. Lakini alikuwa mtu wa maombi, na hata kama asingekuwa, mtoto aliyelala amechomekwa mirija hadanganywi na baba yake.

"Niko nyumbani, Kitinda. Niliogopa nikarudi."

Upande wa pili ilisikika mashine ikipumua, na mtu akiburuta kiti.

"Baba."

"Naam."

"Mimi naogopa kisu. Kila nikifumba macho nakiona. Na sijamwambia hata shangazi, maana atalia. Sikuambii usiogope. Nakuambia uje. Kama huji, niambie leo, nisiendelee kukungoja, maana kungoja nako kunachosha."

"Nakuja."

"Usiseme kwa sababu umeona aibu."

"Aibu ninayo," Breki alisema. "Lakini nakuja."

Simu ilipokatika aliiweka juu ya meza taratibu kama kitu cha moto. Mkewe alipiga magoti hapo hapo kando ya kiti, naye Breki akapiga magoti kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alitegemea kusikia ombi alilolizoea, la Mungu kumwondolea mja wake hofu. Halikuwa hilo.

"Mungu wangu," mkewe aliomba, "woga wa mume wangu sikuombi uuondoe. Huo ndio umemrudisha nyumbani salama miaka yote, wenzake wakirudi kwenye masanduku. Nakuomba umwonyeshe pa kuuweka."

*

Kubadili tiketi kulihitaji faini. Wenzao wa maombi walichanga tena, safari hii bila nyimbo. Mzee mmoja aliyeleta mchango wake alimshika Breki bega na kusema, "Jikaze kiume," na maneno hayo yalimuuma kuliko kama angemtukana.

Siku ya safari mkewe ndiye aliyepanga namna ya kwenda uwanjani. Alimwita utingo wa Breki, mwanamume aliyefanya naye kazi mpaka akapata watoto wake mwenyewe, na ambaye siku hizi alikuwa na leseni ya kuendesha. Akamwambia aje na lori.

"Lori la nini?" Breki aliuliza. "Si tupande teksi?"

"Teksi unamjua dereva?" mkewe alimjibu. "Leo utaendeshwa na mtu unayemjua, safari hii moja, ili ujifunze. Wewe Baba Kitinda huogopi juu. Unaogopa usukani wa mtu mwingine. Toka nikujue hujawahi kukaa upande ule mwingine. Hata siku ya harusi yetu uliendesha mwenyewe, mimi nikakaa nyuma na shela langu kama mzigo."

Utingo alicheka mpaka akashika mlango. "Mama ameua. Mkubwa, panda. Upande wa abiria, kule."

Breki alizunguka mbele ya lori, akasimama, akainama kuchungulia chini.

"Nimekwisha gonga breki zote," utingo alisema. "Kwa nyundo yako. Panda."

Mkewe alikaa katikati. Lori liliondoka, likapita kwenye maduka ya vyuma na kituo cha mafuta, likaingia barabara kuu. Breki alikaa wima, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango, macho hayapepesi.

"Mkubwa," utingo alisema baada ya kitambo, "mguu huo unakanyaga nini?"

"Nani anakanyaga?"

"Toka tumeondoka unakanyaga, zulia litatoboka. Upande huo hakuna pedali."

"Kuna baiskeli mbele."

"Nimeiona tangu iko dukani."

"Gia hiyo umeingiza mapema."

"Ulinifundisha wewe."

"Basi nilikufundisha vibaya."

"Baba Kitinda," mkewe alisema, "weka mikono magotini."

Aliweka mikono magotini. Ilikaa kidogo, halafu mmoja ukapanda wenyewe kama kaa kurudi kwenye kishikio. Mkewe akaushusha. Ukapanda tena, akaushusha tena, safari hii akaubakiza ndani ya kiganja chake.

Simu ya utingo iliita. Alikuwa tajiri, mwenye lori. Utingo aliiweka kwenye kipaza sauti kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

"Lori langu liko wapi? Mzigo umekaa juani hapa."

"Tunampeleka mkubwa uwanjani, tajiri, nageuza sasa hivi. Halafu tajiri, lile tairi la nyuma la kushoto limekuwa kipara kabisa, naona waya."

"Hilo tairi si ndilo limekwenda na kurudi mwezi mzima? Litafika tu."

"Ndiyo, tajiri."

Simu ilikatika. Watu watatu wakaangalia barabara. Breki alilijua neno lile. Alikuwa amelisikia kwa matajiri wote aliowafanyia kazi, na kila alipolisikia aliingia ndani ya gari akaondoka, akimwachia Mungu sehemu ambayo tajiri alikataa kuinunua. Mara moja tu katika maisha yake alikataa. Kesho yake alimkuta mtu mwingine amekaa kwenye kiti chake anapiga mluzi, na ikambidi aombe radhi mbele ya mafundi, kofia mkononi, kwa kosa la kukataa kufa.

"Unajua ninachoogopa?" alisema ghafla, bila kumtazama yeyote. "Watu wanadhani ni kule juu. Juu hakuna ng'ombe, hakuna mlevi, hakuna lori limezimika gizani bila taa. Juu ni kweupe. Mimi naogopa kwamba huko nako kuna tajiri."

Mkewe aliukaza ule mkono.

*

Safari hii mkanda aliuvaa. Aliagana na mkewe kwenye mlango ambao wasiosafiri hawaruhusiwi kuuvuka. Mkewe hakulia wala hakuhubiri. Alimnyoosha kola, akasema, "Mwambie Kitinda nywele zake nitakuja kuzisuka mwenyewe." Basi.

Alipanda. Namna alivyopanda hata yeye hakuikumbuka vizuri. Alikumbuka tu ngazi za chuma, mhudumu wa kike aliyemwita baba na kumwonyesha kiti chake, na mkanda mfupi wa kiti uliogoma kufungwa mpaka jirani yake alipomsaidia. Jirani huyo alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya simu, mwanamume nadhifu mwenye saa kubwa, aliyekuwa amepanda ndege mara nyingi na alipenda ijulikane.

"Mara ya kwanza, mzee?"

"Ya kwanza."

"Lala tu. Mimi huwa nalala."

Mlango ulifungwa. Ndege ikasogea, ikatembea taratibu juu ya lami, na mguu wa Breki ukaanza kukanyaga sakafu. Halafu ikasimama. Ikakaa. Ikageuka, ikarudi ilikotoka. Sauti ikasikika kutoka mbele, tulivu kama ya mwalimu. Ilisema kwamba taa moja ya tahadhari imewaka, kwamba pengine ni taa yenyewe tu, lakini hawataruka mpaka mafundi wathibitishe. Abiria waliombwa washuke wakangoje ukumbini.

Ukumbini palichafuka. Watu walikuwa na vikao vyao, ndege za kuunganisha, mizigo ya kuoza. Mfanyabiashara alikuwa wa kwanza kupandisha sauti.

"Kitaa. Kitaa kimoja, injini zote zinanguruma. Gari langu lina taa imewaka mwaka wa pili huu na naendesha. Wangeondoka tu, tungefika."

Breki aligeuka kumtazama. Kisha akainuka, akaenda mpaka kwenye kioo kikubwa kilichotazama nje.

Fundi alikuwa amekwisha kupanda ngazi. Boneti ya injini ilikuwa wazi, vilevile kama siku ile. Lakini leo Breki hakukimbia. Alikazia macho, maana kazi ya fundi ni kitabu alichojua kukisoma. Aliona fundi anachomoa kitu, anakipangusa, anakimulika, anatikisa kichwa. Chini ya ngazi alisimama mwanamke mfupi mwenye miwani na shati jeupe lenye mistari mabegani, kofia kwapani. Fundi alimwonyesha kile kitu. Mwanamke akainamisha kichwa kukubali. Hakuna aliyefoka. Hakuna aliyetazama saa. Fundi wa pili alikuja na kifaa kipya, na kilipokwisha kufungwa alikuja wa tatu, mtu mzima, akaanza kukagua upya alichokifunga mwenzake, kana kwamba mwenzake hakuaminika. Na yule mwenzake hakununa. Alimshikia tochi.

Breki alishika kioo kwa viganja vyote viwili.

Yule mwanamke mwenye miwani alipanda ukumbini, na hapo ndipo ikajulikana kwamba yeye ndiye rubani. Abiria walimzunguka.

"Nina mkutano," mfanyabiashara alimwambia. "Mkutano mkubwa."

"Samahani sana. Utachelewa, lakini utafika mzima."

"Tutalipwa nini?"

"Tunangoja mpaka lini?"

Breki aliwapitia katikati. Kwa umbo lake watu walimpisha, wakidhani sasa rubani atafokewa na mtu wa kufoka kweli.

"Mama," alisema, "naomba kuuliza. Tajiri amesemaje?"

"Tajiri?"

"Mwenye ndege. Umempigia?"

"Ofisini nimewaarifu kwamba tumesimama."

"Hawakukwambia itafika tu?"

Baadhi ya watu walicheka. Rubani hakucheka. Alimtazama kuanzia viganjani mpaka usoni. "Wewe ni dereva, baba?"

"Wa malori."

"Basi nitakujibu kama dereva mwenzangu. Hawana ruhusa ya kuniambia hivyo. Nikisema siondoki, siondoki, na anayenilazimisha ndiye anayeingia matatani. Na si mimi peke yangu. Yule fundi akisema hapana, mimi siruki. Msaidizi wangu ni mdogo kwangu kwa kila kitu, lakini akisema hapana, siruki. Wanaotuongoza kutoka kwenye mnara wakisema ngoja, nangoja. Injini ziko mbili, na hata moja ikizimika angani tunafundishwa kutua na ile nyingine, tunafanyishwa zoezi hilo kila mara mpaka tunaliota. Lakini hatuondoki chini tukijua kuna tatizo halafu tumtegemee Mungu afunge bolti."

"Na jana ulilala?"

Kicheko kilikuwa kikubwa zaidi. Mtu mmoja alisema, "Mzee, jamani."

"Nililala," rubani alisema. "Sheria inanilazimisha. Nikizidisha saa za kazi sipewi ndege, hata niombe."

Breki aliinama kidogo akamtazama macho nyuma ya miwani. Yalikuwa meupe, yametulia, hayana ule wekundu aliokuwa akiuona kwenye kioo chake cha pembeni kila alfajiri.

"Juzi nilimwona fundi amefungua injini, nikakimbia," alikiri, mbele ya wote.

"Juzi alikuwa anakagua tu. Huwa wanafungua mara kwa mara, ikiwa nzima au mbovu. Baba, siku ukiona hakuna anayefungua, siku hiyo kimbia."

Alivaa kofia yake akaondoka. Breki alibaki amesimama katikati ya ukumbi, na kitu kilimpanda kifuani ambacho hakikuwa woga. Kilifanana na uchungu. Aliwafikiria madereva aliowazika, watu wazuri, mikono mizuri, ambao walikosa kitu kimoja tu. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba wana haki ya kukataa.

*

Tangazo lilipotoka kwamba ndege iko tayari, hakuna aliyeinuka. Ilikuwa ajabu. Watu wale wale waliokuwa wakipiga kelele waondoke walikuwa sasa wamegandamana kwenye viti, kila mmoja akimtazama mwenzake. Mfanyabiashara alikuwa amejifuta uso kwa leso mpaka ikalowa.

"Mimi siingii humo," alinong'ona. "Imekwisha haribika mara moja."

Breki alichukua begi lake. "Ndugu yangu," alisema, "mimi maisha yangu yote nimeendesha magari ambayo hayajawahi kukataliwa hata siku moja. Hayo ndiyo ya kuogopa. Hili limekataliwa, likatengenezwa, likakaguliwa na mtu ambaye hakulitengeneza. Inuka twende, unifungie mkanda."

Mfanyabiashara aliinuka. Nyuma yao, kiti kimoja baada ya kingine, ukumbi ukainuka.

Isidhaniwe kwamba woga ulimtoka. Ndege ilipokimbia na kuinua pua, maombi aliyokuwa ameyaandaa yote yalimpotea, likabaki jina moja la Kitinda, akalirudia kimoyomoyo mpaka likawa ombi. Walipoingia kwenye mawingu ndege ilianza kutikisika, vikombe vikagongana, na mahali fulani nyuma mtoto akalia.

"Mwanangu," alimwita mhudumu aliyekuwa akipita, "hii nini?"

"Ni upepo, baba. Umewahi kupita barabara yenye mawimbi?"

"Kila siku."

"Basi ndiyo hii. Mabawa unayaona yanavyonesanesa? Yametengenezwa yanese, kama springi za lori, ndiyo maana hayavunjiki. Mkanda tunakufungia ili usirushwe wewe, maana ndege yenyewe haiumii."

Alichungulia juu ya mapaja ya mfanyabiashara. Ni kweli, bawa lilikuwa likinesa, na mawingu yalipoachana jua likalala juu yake kama paka. Aliliangalia kwa muda mrefu. Halafu, bila kuambiwa, aliweka mikono magotini, nayo ikakaa. Mfanyabiashara hakulala hata kidogo. Alikuwa amemshika Breki mkono wa koti, na Breki alimwachia.

*

Wodini, shangazi ndiye aliyemwona kwanza. "Karibu, mwoga wetu," alimwambia kaka yake, akamkumbatia kwa nguvu za mtu aliyekuwa tayari kumpiga.

Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuegemea, mkono umeunganishwa na mashine, damu ikitoka na kurudi kwenye mirija myembamba. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo inahesabika. Breki aliketi kwenye stuli iliyokuwa ndogo kwa mwili wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mama yako anasema nywele hizo atakuja kuzisuka mwenyewe."

"Uliogopa?"

"Niliogopa mpaka magurudumu yalipogusa chini. Hapo nikaogopa upya, maana yaligusa kwa kishindo."

Kitinda alicheka, na mashine ikapiga kelele kidogo, muuguzi akaja akabonyeza kitu akamwambia atulie. Akatulia. Akaangalia vidole vya baba yake, vikubwa, vyenye oili ambayo haitoki tena kwenye mikunjo.

"Na kisu cha kesho?"

"Hicho nacho nakiogopa."

"Mimi pia."

"Haya," Breki alisema. "Tuko wawili."

Muuguzi mwingine alikuja na kiti cha magurudumu kumchukua baba kwa vipimo vya mwisho. Breki alikataa kusukumwa, shangazi akamwambia akae, aache kujifanya, akakaa. Walikuwa wamefika karibu na mlango binti alipoita.

"Baba. Wakati wa kurudi tutapanda nini?"

Shangazi aligeukia ukutani upesi. Tangu ugonjwa uanze, hakuna aliyewahi kumsikia Kitinda akizungumza habari ya kurudi.

Breki alimwomba muuguzi asimame kwanza. Alitaka sauti yake ikae sawa kabla hajaitoa.

"Ndege," alisema. "Lakini dirishani utakaa wewe."